Sarafu za Upande Mmoja

Nadhir bin Khalaf alikuwa na ulimi wa kumuuzia mtu kivuli chake mwenyewe, na risiti akampa. Mwaka 1998 alikuwa akiwaendesha watalii kutoka Nizwa, Omani. Jumatano moja abiria wake alikuwa Bi Helga, mama wa Kidachi. Njiani alimwonesha kitabu chenye picha za sarafu za kale za kwao: fedha tupu, nyembamba kama ganda la kitunguu, zimepigwa chapa upande mmoja, nyuma zimebonyea. Moja iliyo ya kweli, alisema, yaweza kununua gari. Nadhir nusura atoke barabarani.

Wakafika Ibra, ambako siku ya Jumatano soko ni la wanawake. Bi Helga akaingia, Nadhir akabaki mlangoni. Baada ya saa nzima akatoka Bi Mabruka, mfanyabiashara wa pale, mzaliwa wa Unguja, na kikopo mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie vitu hivi. Nimevikuta kwenye sanduku la marehemu mume wangu."

Ndani mlikuwa na sarafu nne, simba upande mmoja, nyuma patupu. Roho ilimruka Nadhir, lakini uso akauvalisha msiba.

"Hizi sarafu nusu, bibi. Fundi kapiga upande mmoja, kaadhiniwa, kenda kusali, asirudi tena."

"Kumbe. Basi n'tazitupa."

"La, usitupe. Mimi n'takupa riali ishirini, kwa thawabu tu."

Bi Mabruka akafunga kikopo. "Makaratasi siyataki, mwanangu. Marehemu kaniusia: fedha isitoke ila kwa dhahabu."

Mfukoni mwa Nadhir mlikuwa na bangili ya mkewe, Hamda, aliyopewa aipeleke kwa sonara. Alifikiri sana, kiasi cha kupepesa jicho. Akaitoa. Bi Mabruka akaipima kiganjani, akamwombea dua ndefu ya riziki, akarudi sokoni.

Wakirudi, kabla ya kufika Bidbid, Nadhir alisimamisha gari. "Bi Helga, nimebahatika kupata hizi. Kwako wewe, bei ya urafiki."

Bi Helga akatabasamu. "Ah, amekupa wewe! Hizi nakala, zinauzwa kwenye makumbusho ya mji wetu. Nimempa bibi mmoja sokoni, anajua Kiingereza kizuri. Nikamwambia hata dereva wangu hakubandua macho kitabuni."

"Akasemaje?" Nadhir akauliza.

"Aliuliza dereva ni yupi, nikamwonesha. Akaniomba nisikwambie kitu. Anataka kukushtua, alisema."