Deni la Masomo ya Zoubeida Linahama

Moroni, Jumamosi, 1 Oktoba 1983
Bangili za mke wangu Rahamatou bado ziko Mutsamudu, kisiwa cha jirani, rehani kwa Mouhidine, mnunuzi wa karafuu. Alinikopesha laki tatu, binti yetu Zoubeida akasomee udaktari Antananarivo. Kila mwezi natoa elfu kumi na tano. Mouhidine haiiti riba, Mungu apishe mbali! Anaiita shukrani. Deni lenyewe halipungui hata faranga. Nisipolipa lote ifikapo tarehe 12, bangili zinauzwa.

Leo Tadjidine, muuza vitambaa wa soko la Volo Volo, kasema yuko tayari kunipa laki tatu nimlipe Mouhidine, nihamie kwake. Elfu tisa kwa mwezi. Mjinga angekubali papo hapo. Mimi nilianza maisha nikiuza chumvi kwa kikombe. Aliyefika tisa atafika sita. Nimemwambia nitafikiri.

Jumatatu, 3 Oktoba
Kaja shemeji Charif, kaka yake Rahamatou. Kasema mtoto wa dada yake ni wake. Fedha anazo, niende tu kwake nikaombe, mtu na shemeji yake.

Nikaombe! Charif keshafanya ndoa kuu, ile karamu ya kulisha mji mzima, ng'ombe kumi na mmoja, sasa anakaa mbele barazani Badjanani na kuitwa mtu mzima. Mimi fedha za ndoa kuu nilizipeleka shule. Nina miaka hamsini na miwili, naitwa kijana wa mji. Juzi wamenituma maji ya kunywa! Charif akacheka: uzee huja na ng'ombe, kijana.

Siombi.

Rahamatou kasema, Baba Zoubeida, bangili zile ni za marehemu mama. Nimemwambia asitie huzuni kwenye hesabu.

Alhamisi, 6 Oktoba
Tadjidine: elfu nane. Anashuka! Dereva Hamidou kanieleza kwamba mamluki wamelipwa mishahara, wale wazungu wenye bunduki wanaotulinda dhidi ya sisi wenyewe. Wanawanunulia wanawake vitambaa bila kuuliza bei. Basi fedha zimejaa kwa Tadjidine, zimelala bure. Atashuka tena.

Rahamatou kauliza mara mbili kama nimemjibu. Mara ya tatu hakuuliza.

Jumatatu, 10 Oktoba
Saba! Nimekubali. Laki tatu mfukoni. Kesho ndege ya Mutsamudu, siku moja kabla ya mwisho. Hesabu safi.

Jumanne, 11 Oktoba
Hakuna ndege. Mamluki wameichukua, wana shughuli zao. Wao ndani na bunduki, sisi juani na tiketi. Nikauliza inarudi lini. Karani kasema, mzee, kawaulize wenyewe.

Sikuwauliza. Angalau kaniita mzee.

Mutsamudu, Alhamisi, 13 Oktoba
Mouhidine kanikaribisha chai. Kaniambia, ndugu yangu Abdoulkarim, jana nilikungoja mpaka magharibi. Ahadi ni ahadi. Keshamwuzia sonara.

Nikakimbia kwa sonara. Ameziyeyusha. Kanionyesha kipande kimoja, kadiri ya kidole gumba. Bangili nne! Rahamatou alikuwa akizivaa, nikimsikia jikoni kabla sijamwona.

Nikakaa kwenye ngazi ya duka. Sonara kanionea huruma: anataka laki nne kwa dhahabu hiyo, ananiwekea mpaka Ijumaa ijayo, tarehe 21, kisha anaiuza. Sikuweza hata kupatana bei.

Moroni, Jumapili, 16 Oktoba
Rahamatou hakupiga kelele. Alinisikiliza, akajishika kifundo cha mkono, akarudi kuchambua mchele. Jana kaenda harusini na nguo ya mikono mirefu, joto lote hili. Roukia, jirani yetu, kamwuliza kama anaumwa. Kasema ndiyo.

Leo Charif kaja mwenyewe. Hakutaka niombe. Kasema nimrudishie Tadjidine zake. Laki nne atatoa yeye, kesho asubuhi, dhahabu ikombolewe, dada yake aache kulia. Nitamlipa nikipata. Shukrani? Hataki. Sifuri kwa mwezi.

Nikamtazama vizuri. Mtu anayefanya haraka hivi bado hajafika mwisho wake. Nimemwambia nitamjibu Alhamisi.

Kama anaanza na sifuri, tuone atashuka mpaka wapi.