Bushi za Esansi

Jumatatu, 8 Oktoba 2012. Lodwar.

Taa imewaka. Ndogo, ya manjano, picha ya injini inayofanana na birika. Imewaka pale darajani Kawalase, nami nimeitazama mpaka nyumbani nikitumaini itaona haya. Haikuona. Gari lenyewe halina neno. La zamani, ndiyo, lakini linavuma vizuri na linapiga kona bila kulalamika. Kitu pekee kinachokosekana ni kifuniko cha tangi la petroli. Mwezi jana nilikiweka juu ya paa wakati wa kujaza, nikasahau, nikaondoka. Nimeziba kwa gunzi la mahindi lililofungwa juala la plastiki. Linaingia sawasawa. Waliotengeneza magari wamekaa miaka mia hawajalifikiria.

Shida ni Jumamosi. Immaculée, binti wa Kirundi wa kule kambini Kakuma, anaolewa, na mimi nimeombwa kumbeba. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba gauni limeshonwa na Adhel, Mdinka mwenye cherehani pale sokoni, na Adhel atakaa mbele ili alichunge lisikunjwe. Mbele ni kando yangu. Nafasi hii nimeingoja tangu Pasaka.

Nimebandika tepu nyeusi juu ya taa. Kazi imekwisha.

Jumanne, 9 Oktoba. Kakuma.

Haikwisha. Adhel aliketi kiti cha mbele kupima nafasi, akatupa jicho dashibodini, akauliza kile kiraka ni cha nini. Nikasema ni urembo. Akasema yeye ni fundi wa nguo, na watu huweka kiraka palipo na tundu. Akakibandua kwa ukucha.

Kisha akanieleza, bila hasira yoyote, kwamba mwaka jana alipanda gari lenye taa kama hiyo, likazimika katikati ya mto mkavu wa Tarach, akalisukuma mchangani akiwa na nguo ya kanisani. Hatapanda jingine. Kama taa itakuwa bado inawaka Ijumaa jioni, yeye na Immaculée watapanda la Ater.

Ater! Muuza sukari. Gari la buluu, viti vyenye vitambaa vya kufuma. Alikuwa amesimama pale pale akisikiliza. Akanisalimu ejok, kwa Kiturkana changu mwenyewe, akionyesha meno yote. Nimemchukia kwa utulivu mkubwa.

Jumatano, 10 Oktoba. Kakuma, kisha Lodwar.

Nimempelekea gari Kasongo, fundi Mkongomani. Neno la kwanza nililomwambia ni kwamba najua Kifaransa. Sijui kwa nini. Adhel alikuwa akipita, labda ndiyo sababu. Kasongo alifurahi mno.

Hakufungua hata boneti. Alilizunguka gari, akanusa nyuma, akacheka, akasema: "Papa, bushoni iko wapi? Motokari inakosa tu bushoni ya esansi. Utie bushoni, taa itazima."

Nikaitikia wui, ndiyo ya Kifaransa, kama mara nne, nikaondoka kabla hajanipima zaidi. Njiani nikalifikiri neno. Bushi nazijua. Zile raba za huku chini karibu na magurudumu, zikiisha gari linagongagonga. Kifaransa kimeongeza tu "oni" mkiani. Esansi ndiyo imenisumbua mpaka Lodwar.

Alhamisi, 11 Oktoba. Lodwar.

Niliomba bushi za esansi kwenye duka la spea. Muuzaji akasema bushi anazo, esansi nikaulize duka la pili, wanakouza vitu vya keki. Kumbe! Chupa ndogo, ya vanila. Mambo yote yakanifungukia hapo hapo. Wakongomani hupaka raba esansi ili zisipasuke kwa jua. Lugha ni kitu kikubwa.

Nimeshinda chini ya gari, mchanga masikioni. Bushi zote mpya, kila moja nimeipaka vanila mara mbili. Nikawasha. Taa iko. Itakuwa dawa haijaingia. Nzi wamekuja wengi, hawana ubaya. Nimekula ugali wangu nikinukia keki na, kusema kweli, nimeridhika.

Ijumaa, 12 Oktoba. Kakuma.

Gari limeteleza Lodwar mpaka Kakuma, mashimo yote limeyapita kwa adabu. Taa imenisindikiza mwendo wote.

Kwa Kasongo niliwakuta Adhel na Ater. Ater alikuja kuchukua ushindi wake. Kasongo aliinama, akanusa, akauliza mbona gari linanuka harusi leo na harusi ni kesho. Nikamwambia nimefanya alivyoagiza. Akaenda nyuma, akachomoa gunzi langu, akaliinua juu kila mtu alione. Ater alicheka mpaka akashika nguzo. Adhel pia alicheka, lakini kicheko cha Adhel hakikuniuma.

Kasongo akasema tena bushoni ya esansi, mara mbili, polepole, akinitikisia gunzi usoni na kunionyesha tundu la petroli kwa kidole. Nikajibu wui. Nadhani alikuwa akizisifu bushi. Halafu akatoa kifuniko kwenye gari bovu lililolala uani kwake, akakikaza kwenye tangi langu mpaka kikalia krr, akachomoa waya wa betri, akangoja kidogo, akaurudisha. Nikawasha.

Taa hakuna.

Nikawaeleza wote kwamba esansi huchukua siku moja kupenya. Kasongo akaenda kunawa mikono. Adhel alitoa utepe mweupe uliobaki kwenye gauni, akakifunga kifuniko kwa mafundo mawili kwenye bawaba ya kimlango cha tangi, akasema, "Lokeno, hiki kisitoke hapa."

Jumamosi, 13 Oktoba. Kakuma.

Immaculée nyuma, gauni limejaa kiti kizima. Adhel mbele. Niliendesha polepole kuliko punda na hakuna aliyelalamika. Ater alibeba sufuria za wali na ngoma za kwaya, akila vumbi langu.

Adhel alisema gari linanukia vizuri. Halafu akaniuliza kama najua bushoni ni nini. Nikamweleza kinaganaga, raba, jua, vanila, yote. Akageukia dirishani, mabega yakamtikisika. Vumbi hilo. Tulipofika kanisani akasema kuna harusi nyingine Jumamosi ijayo, na atapanda tena kwangu, mradi taa isiwake. Sijawahi kufurahi hivi tangu ninunue gari.

Jumapili, 14 Oktoba. Lodwar.

Nimerudi na nimejaza petroli. Utepe wa Adhel ulikuwa umeanza kuchafuka. Kitu cha mkono wake si cha kuning'inia kwenye tangi. Nilifungua mafundo yote mawili, nikautia mfukoni, na sasa nimeubandika hapa, ukurasa huu. Kifuniko nilikiweka juu ya paa, mahali ambapo mtu hawezi kukisahau.

Darajani Kawalase, taa ikawaka.

Sikushtuka. Esansi imeisha nguvu, ndilo jambo lenyewe. Kifuniko sikioni, ila gunzi nilikuwa nimelihifadhi chini ya kiti na bado linaingia sawasawa. Kesho nanunua chupa mbili za vanila.