Ombi la Kumbukumbu ili Ndege ya Ofisi Ipate Kutua

Kisangani, tarehe 9 Mei 1989

Kwa Citoyen Directeur wa Maison Lindi,
Ghorofani, Makiso.

Citoyen Directeur,

Pokea salamu nyingi kutoka chini ya ngazi. Sisi huku hatujambo, ila tuko angani, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Najua utashangaa. Utasema: huyu Évariste, karani wangu wa ghala, nilimwona asubuhi mbele ya bendera akiimba na kucheza animation ya Chama pamoja na wenzake, angani amefika saa ngapi? Nitaeleza taratibu, maana haraka haraka haina baraka, na katika ofisi yetu haraka yenyewe haijaonekana tangu lori la mchele lilale kwenye matope ya njia ya Yahuma.

Unaikumbuka kompyuta uliyotuletea ihesabu magunia ya mchele. Ni mashine nzuri, ingawa ilizeeka kabla ya kufika. Ilihesabu vizuri sana mpaka magunia yakaisha. Kompyuta isiyo na cha kuhesabu ni mtumishi kama watumishi wengine, hujitafutia la kufanya. Ndani ya sanduku lake tulikuta disketi yenye mchezo wa kuendesha ndege. Nami, kabla ya kuja kwako, nilikuwa mtu wa redio katika mnara wa uwanja wa ndege wa Simi-Simi, mpaka ndege kubwa zilipohamia Bangoka nikabaki nikiongea na majani. Kwa hiyo huu haukuwa uvivu, Citoyen Directeur. Niliona nimeitwa tena kazini.

Mchezo huo haujui Simi-Simi wala Kinshasa, unajua miji ya ng'ambo tu. Tulifanya kikao. Uwanja wa kuondokea tukaupa jina la Simi-Simi, na ule mwingine wenye ziwa pembeni tukauita Ndjili, kama ule wa Kinshasa. Hakuna aliyepinga. Abiria hukaa kwenye viti nyuma yangu, nao ni Mama Célestine, daktilo wetu wa kupiga chapa. Papa Feruzi, mhasibu. Na Zacharie wa kupeleka barua. Rubani ni mimi. Sivai tai, ingawa marubani wa dunia nzima huvaa, kwa sababu Chama kimetukataza tai, na mimi ni mwanachama tangu tumboni mwa mama yangu, kama sisi sote. Lakini tukiwa angani tunaitana kwa majina yetu ya zamani, yale ya ubatizo, kwa kuwa marufuku ya majina ilitolewa chini.

Sasa malalamiko yenyewe.

1. Ndege haitui. Kupaa inapaa, tena vizuri. Lakini tukikaribia Ndjili mashine inatakiwa kuchora uwanja, taa na majengo, na kumbukumbu yake haitoshi. Picha inaganda, bawa moja juu na jingine chini, nasi tunabaki hivyo hivyo hadi saa ya kwenda nyumbani. Tangu mvua za mwaka jana hatujagusa ardhi. Mimi sipingi kupaa. Redioni tunaambiwa kila mwaka kwamba nchi yetu inapaa, na sijamsikia mtu akiuliza itatua wapi. Lakini nchi ina wenyewe. Mimi nina abiria.

2. Ordre de mission. Unajua kuwa mfanyakazi hawezi kutoka mjini bila karatasi hiyo. Papa Feruzi, mtu wa sheria, alitayarisha karatasi zetu zote, wewe ukazirudisha bila sahihi. Hatukunung'unika, ila tunaomba utusaidie kuelewa. Kama hatumo safarini, basi tumeacha kazi bila ruhusa, na itabidi utuadhibu. Lakini utatuadhibu vipi ikiwa kila asubuhi unatukuta vitini? Na kama tumo safarini, posho ya safari inaendelea kuhesabiwa mpaka siku ya kurudi, na haturudi. Papa Feruzi amekataa kuniambia imefika kiasi gani. Anasema akiitazama hesabu ile anapata kizunguzungu, na yeye tangu utotoni anaogopa kwenda juu. Utaona basi kwamba kutua kwetu ni faida ya Maison Lindi.

3. Dini. Papa Feruzi alimwuliza imamu wake kama msafiri wa namna yetu anaruhusiwa kufupisha sala. Imamu akaomba kuiona tiketi. Tangu hapo mzee wetu anasali sala kamili, na kila adhuhuri ananiambia: "Bon, Évariste, zungusha kwanza avion, nataka kusali." Nazungusha. Akimaliza, tunakuta tumerudi juu ya Simi-Simi.

4. Chama. Penye Wazairwa, Chama kipo, na sisi hapo juu tupo. Kwa hiyo ilibidi tuunde tawi la angani na kucheza animation ndani ya ndege vilevile, na nafasi kati ya viti ni finyu. Zacharie ameshapiga goti lake kwenye kabati mara nyingi mno. Kama hatutatua, tutalazimika kuomba bendera ya pili, mzungumzaji wa hotuba na ngoma.

5. Samaki. Kila Jumatatu Mama Célestine anapanda na furushi la samaki wa moshi alionunua kwa wavuvi Wagenia kule maporomokoni, kwa ajili ya binti yake Émilie aliyeolewa Kinshasa. "Tukifika leo, atamupika na majani ya pondu," anasema. Ijumaa hatujafika, samaki ameanza kulalamika, na sisi wengine tunajitolea kumla ili asiharibike. Ulipouliza juzi kwa nini wafanyakazi wako wananenepa na mishahara haijaja, hili ndilo jibu.

6. Émilie. Hapa naomba usicheke, kama ulikuwa unacheka. Émilie amezaa mtoto wa kike, akampa jina la bibi yake, Célestine. Mtoto sasa anatembea, na bibi yake hajambeba hata siku moja. Barabara umeisikia kwa dereva wako. Tiketi ya ndege ya kweli inakula mishahara mingi, na mishahara yenyewe nimeshaitaja. Meli ya mtoni Mama Célestine aliijaribu mara moja. Ilikwama kwenye mchanga hata Bumba hawajafika, akarudi kwa mtumbwi. Siku ile ya kwanza niliporusha ndege, alisogeza kiti chake nyuma yangu akauliza kama inafika Kinshasa. Nilikuwa nimefurahi kushika usukani, nikajibu: "Mama, nitakufikisha." Mtu wa mnara akiahidi kutua, hutua. Ahadi hii inanichoma, Citoyen Directeur. Namsikia kila asubuhi anavyofunga upya kamba ya furushi lake.

Basi dawa iko wapi? Sikuombi kompyuta mpya, wala sikuombi uandike Ulaya. Nimeifungua mashine yetu kwa kisu cha mezani na nimeona ndani yake safu ya matundu matupu yanayongoja vipande vya kumbukumbu, vile vyeusi vyenye miguu mingi kama jongoo. Na vipande hivyo tunavyo humu humu ndani ya nyumba. Viko ghorofani kwako.

Namaanisha kompyuta ya pili, ile iliyoko chini ya picha ya Rais, iliyofunikwa kitambaa chenye maua na kuwekewa chombo cha maua mengine juu. Ni pambo zuri na wageni huliheshimu. Ila tangu ifike haijawahi kuwashwa, na kwa hiyo ukiitoa kumbukumbu haitasahau kitu. Gharama ni kunyanyua kitambaa tu. Tena ukiangalia kwa haki, mashine yetu ni mwanachama tangu ilipovuka mpaka, imetumika miaka yote bila kupandishwa cheo, wakati mwenzake wa ghorofani amelala na amejaa kumbukumbu. Sisemi kwamba mambo hayo yako kwa mashine peke yake. Nasema tu kwamba kwa mashine ni rahisi kuyarekebisha.

Nangoja jibu lako nikiwa na imani. Nisalimie Mama Pélagie na watoto. Msalimie mlinzi wa lango, ambaye ndiye anayetuona tukiondoka. Na ukipata njia, mfikishie salamu zetu dereva Édouard huko kwenye matope ya Yahuma, umwambie naye kwamba tunamwombea atue.

Wako mtiifu, wa juu kwa kazi na wa chini kwa ngazi,

Évariste
Karani wa ghala, rubani

N.B. Citoyen Directeur, naomba usifanye lolote kati ya hayo niliyoyaandika. Barua niliimaliza asubuhi. Mchana ulipokwenda kwenye mkutano wa Chama, nilijiambia kuwa kama jibu ni ndiyo tutakuwa tumeokoa wakati, na kama ni hapana hutakuwa umejua. Tulinyanyua kitambaa, tukaazima vipande.

Tumetua. Mama Célestine alikuwa ameomba tungoje abadili nguo, akavaa liputa yake ya sikukuu, akakumbatia furushi. Magurudumu yaligusa chini bila hata kuruka, na Papa Feruzi alimshukuru Mungu kwa sauti. Uwanja wote ulionekana, mistari yake, taa zake, nyumba za pembeni. Watu hawakuwapo. Mchezo ule hauchori watu, na hakuna kumbukumbu utakayoiongeza ukawaona.

Mama Célestine aliitazama ile picha kwa muda mrefu. "Alors, njo hapa? Na batu beko wapi?" Mimi niliyeahidi kumfikisha niliangalia kisu mkononi mwangu. Kisha akasema: "Kule juu nilikuwa naenda kwa Émilie. Hapa nimefika, na yeye haiko. Évariste, turudishe juu."

Vipande tumevirudisha mahali pake, kitambaa na maua pia. Kesho baada ya animation tunapaa tena na mashine yetu ileile. Ameshaniuliza kama ni hakika haitatua, nami nimemwahidi.