Satini ya Bibi Harusi na Picha Iliyomshinda Shemeji

Jumatatu, 4 Mei
Leo nimeona maajabu. Fundi redio wa mtaa wa pili, yule anayejiita Profesa, ana projekta. Ndogo, kama mche wa sabuni uliotumika nusu. Alifunga mlango wa duka, akaiwasha, na ukutani akatokea simba mkubwa kuliko kabati. Nilirudi nyuma hatua mbili. Profesa alicheka. Sikujali. Tukapatana: yeye achukue suruali tatu nilizokwisha kumshonea, mimi nichukue simba.

Mke wangu aliuliza ni ya kazi gani. Nikamkumbusha kuwa Jumamosi saa nne asubuhi binti yetu anahitimu udaktari wa mifugo, huko mbali, na chuo kitarusha sherehe mtandaoni. Mama mkwe ndiye aliyemlea. Safari haiwezi tena, na macho yake yameingia ukungu. Kwenye simu anaona sisimizi. Kwenye televisheni ya shemeji, kaka wa mke wangu, zile inchi hamsini na tano alizotangazia mtaa mzima, anaona sisimizi wanene. Mimi nitamwonyesha mjukuu kwa kimo chake halisi. Na atakaa kwenye kiti changu, si kwa shemeji. Hilo la mwisho sikulitamka.

Jumanne, 5 Mei
Ukuta wetu ni wa kijani. Simba ametoka mgonjwa. Nikajaribu shuka, likanywa mwanga wote. Nikakaa kwenye cherehani, kichwa kinaniuma, macho yakaangukia satini nyeupe ya bibi harusi. Mita tano. Ni mwalimu wa hesabu, mteja mkali, na gauni lake sijalikata bado.

Sikuidhuru. Niliishikiza kwa pini sehemu ya upindo tu, nikaitundika stoo, mahali pasipo na dirisha. Nikawasha. Samaki wakapita mbele yangu, kila gamba linang'aa, na vumbi la stoo likageuka nyota ndani ya ule mwanga. Miaka ishirini na sita nashona satini, sikujua ina bahari ndani yake. Mke wangu aliingia na maneno yake tayari mdomoni. Akatazama. Akakaa juu ya gunia la vipande, akasahau alichokuja kusema.

Jumatano, 6 Mei
Shemeji amepata habari. Ametangaza kuwa ndugu wote Jumamosi ni kwake, maana ana spika mpya, ya kuchaji, kubwa kama sanduku la safari. Nyumba zetu zinagusana ukuta. Mama mkwe anakaa kwake. Hali ni mbaya.

Nikaenda kumsalimia. Alipoingia jikoni kuniletea maji, nikaiunganisha simu yangu na spika yake, bila waya. Hesabu zangu: simu yangu ikiishika, televisheni yake haiipati, na Jumamosi atabaki bubu. Spika ikalia kukubali. Nikakohoa kufunika ile sauti. Shemeji alinipa pole ya kifua, akaniongezea maji. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Ijumaa, 8 Mei
Majaribio ya mwisho, sebuleni, saa nne asubuhi kama itakavyokuwa kesho. Nimewasha. Hakuna kitu. Satini nyeupe pepepe. Nilidhani projekta imekufa, nikaipepea, nikaibembeleza. Nikampigia Profesa. Akaniuliza kwa upole kama sebule yangu ina madirisha.

Kumbe jua linaishinda projekta. Siku zote hizi naijaribia stoo na hakuna aliyeniambia.

Lakini mimi ni fundi. Nina jora zima la kitambaa cha sare za walinzi, bluu ya kukaribia weusi, kizito. Nimeziba madirisha, mlango, tundu za hewa, hadi upenyo wa chini ya mlango. Picha imerudi. Mke wangu aliuliza watu watapumua wapi. Nikamjibu kuwa sherehe ni ya saa moja tu.

Jumamosi, 9 Mei
Nitaandika polepole.

Walikuja wote, isipokuwa shemeji. Kitu kipya ni kitu kipya. Mama mkwe alivaa gauni nililomshonea mwaka juzi na alipaka rangi ya mdomo ya mke wangu, eti asionekane kachoka mbele ya mjukuu. Nikamkalisha kwenye kiti changu. Joto la tanuri. Saa nne kamili nikabonyeza simu, ikairushia projekta picha, na ukumbi mzima wa chuo ukaingia sebuleni kwetu. Shangazi alishika kifua.

Ila kimya. Midomo inacheza, sauti hakuna. Ghafla, ng'ambo ya ukuta, nyumba ya shemeji ikaanza kunguruma hotuba ya mkuu wa chuo. Simu yangu haijasahau. Imekimbilia spika ileile niliyoiunganisha kwa mikono yangu. Niliibonyeza kila mahali, ikagoma. Picha kwangu, sauti kwake. Ndugu wakatazamana, wakajifuta jasho, wakaanza kutoka mmojammoja kwenda kusikiliza kwenye hewa. Hata mke wangu.

Akabaki mama mkwe. Nilitaka kumwomba radhi. Hakuwa na habari na mimi. Alikuwa ameinama mbele, anatafuta katika zile nyuso, anazipita moja moja. Akasema taratibu kuwa yule pale, safu ya tatu, kola imekaa upande. Alikuwa binti yetu. Bibi ameona kola. Mimi baba, fundi nguo, sikuwa nimeiona.

Shemeji akaingia analalamika kuwa spika yake imepagawa, inasema peke yake. Akaona satini. Akaona mama yake. Nilimweleza kila kitu, hata kile kikohozi. Hakunigombeza. Alitoka mbio, akarudi ameikumbatia ile spika kifuani, majina ya wahitimu yanatembea naye uani, ndugu wote nyuma yake. Jina la binti yetu liliitwa shemeji akiwa mlangoni, ananaswa na kitambaa cha walinzi.

Mama mkwe alisimama. Alitembea hadi kwenye satini, akainyoosha ile kola kwa vidole viwili. Kisha akambusu mjukuu shavuni. Nililia. Shemeji pia alilia, ila yeye anasema ni joto.

Picha ilipozimwa, midomo ilibaki. Myekundu, miwili, katikati ya mita tano za bibi harusi.

Jumapili, 10 Mei
Nimeifua mara mbili. Haitoki. Mke wangu amenishauri nimwambie mteja ukweli, nimnunulie satini nyingine, na projekta nimrudishie Profesa. Ameniuliza kama angalau nimejifunza kitu. Nikamwambia nimejifunza mengi.

Kwanza, pale penye midomo nitashona ua. Pili, na hili limenijia nikiwa nabandua vitambaa madirishani: kwa nini gauni lenyewe lisiwe pazia? Bibi harusi anasimama, mimi namrushia samaki, nyota, chochote atakacho, kuanzia kifuani hadi kwenye mkia wa gauni. Shemeji amekubali kubeba spika. Mwalimu nimeshamwandikia kuwa gauni lake litakuwa la kwanza la aina yake. Amejibu kuwa sherehe ni saa nane mchana, kwenye bustani, hakuna hema.

Safi sana. Sioni kinachoweza kuharibika.