Wilaya Isiyofiwa na Mtoto

Idara ya Ustawi wa Uzazi ya wilaya ya Vrabchevo ilitangaza, kwa fahari kubwa, kwamba kwa mwaka mzima haikufiwa na mtoto mchanga hata mmoja. Mafanikio hayo yalipatikana kitaalamu: wodi ya wazazi ilifungwa, na tangu hapo hakuna aliyezaliwa.

Tangazo lilisomwa Siku ya Mkunga, ukumbini mwa manispaa, mbele ya Naibu Waziri aliyetoka mji mkuu, Sofia, kuleta cheti. Mkunga mwenyewe, Bi Tsonka, alikalishwa mbele na mkufu wake wa pilipili kavu na vitunguu saumu, pambo la mkunga siku hiyo. Alipiga makofi kila ilipotakiwa, lakini mawazo yake yalikuwa kwa Ginka, mjamzito aliyeketi safu ya nyuma.

Majira ya baridi yaliyopita, Ginka aliposhikwa na uchungu alikimbizwa mjini kwa gari la kabichi. Mtoto alifia njiani, kilomita ya arobaini na moja. Hapo ni ng'ambo ya mpaka wa wilaya, hivyo kifo kikaandikwa wilaya ya jirani. Sasa Ginka alikuwa na mimba ya miezi tisa tena, na theluji ilikuwa inazidi kufunga barabara.

"Naomba ufunguo wa wodi," Bi Tsonka alimnong'oneza Mkurugenzi wa Idara, Kamburov.

"Bi Tsonka, usituharibie shughuli. Wodi haifunguliwi kwa mjamzito mmoja. Kiwango ni watoto mia tatu kwa mwaka."

"Nimwambie azae mia tatu?"

"Mwambie avute subira. Tutaunda kamati."

Ikafika zamu ya picha. Kwa desturi, walihitajika wanawake waliozaa mwaka huo, wamnawishe mkunga mikono. Kwa kuwa hawakuwapo, Idara iliazima wanane kutoka chama cha wastaafu, mdogo wao ana miaka sitini na minne. Mmoja alipewa mwanasesere ampakate.

Walipoanza kumimina maji, Ginka, aliyeketi nyuma, alishika kiti kwa nguvu. Maji mengine yakamwagika sakafuni, na hayo hayakuwamo kwenye ratiba.

Kamburov alipauka. "Hapa hapana! Dada, jikaze mpaka tuvuke mpaka!"

"Jikaze wewe!" Ginka alifoka.

Bi Tsonka akasimama. Siku ya Mkunga amri ni ya wanawake. Mwanamume akikutwa ndani hunyang'anywa kofia, hutolewa, na harudi mpaka atoe wanachotaka. Wale wastaafu hawakuhitaji kuelezwa. Kufumba na kufumbua, Mkurugenzi na Naibu Waziri walikuwa kwenye theluji bila kofia wala makoti, na funguo za gari zimo makotini.

"Fungueni! Mimi ni Serikali!" Naibu Waziri alipiga kelele.

"Tunajua, mwanangu," bibi wa mwanasesere alimjibu dirishani. "Ndiyo maana uko nje."

"Mnataka nini?"

"Wodi. Andika."

Karatasi pekee aliyokuwa nayo Naibu Waziri ilikuwa hotuba yake ya kumthamini mama. Akaigeuza, akaandika: wodi ifunguliwe leo. Bibi akasoma kupitia kioo, akageuka kusikiliza, akarudi.

"Bi Tsonka anauliza, itapashwa moto na nini?"

Akaandika kuni. Akaandika mkunga wa pili. Akaandika akiba ya damu. Akaandika vitanda, kimoja kimoja; alipofika cha nne wino ukaganda.

Ndani mtoto alilia, kilio cha ugomvi, cha kiumbe mwenye afya tele. Kamburov alijisahau, akarukaruka kwa furaha.

"Tuingie sasa?"

"Bado gari la wagonjwa," alisema bibi.

Naibu Waziri hakuweza kubisha. Alikuwa na kalamu mdomoni, anayeyusha wino.