Mimi ni Mtu wa Masikio

Jumatatu, 8 Septemba
Nimeanza kozi ya leseni ya boti! Bwana Jeilani ameapa simuoi binti yake Nadra mpaka nipate leseni. Boti yake, asema, hamwachii mkwe wa kubahatisha. Mwalimu wetu, Bi Wairimu kutoka bara, akatugawia kitabu cha kurasa mia. Mia! Nikamweleza kwa adabu kuwa kila mtu ana mtindo wake wa kujifunza: wa macho, wa masikio, wa mikono. Nimeona kwenye simu. Mimi wa masikio. Akasema basi nisikilize. Nikasikiliza. Usingizi ulikuwa mtamu.

Jumanne, 9 Septemba
Nimeulizwa rangi za taa za boti. Nimekosa zote. Nikamwambia Bi Wairimu nilijidhania vibaya, kumbe mimi ni wa mikono. Akacheka. Ati watafiti wamelipima jambo hilo: kila mtu ana anachokipenda, lakini kufundishwa kwa mtindo anaoupenda hakumfanyi aelewe zaidi. Jedwali la maji, la saa za kujaa na kupwa, husomwa, usukani hushikwa, basi. Nikasema watafiti hao hawajafika kwetu Amu. Mwenzetu darasani, Hudson wa Kakamega, aliyeiona bahari mwaka jana tu, alikuwa akiandika, akichora na kujisemea. Mroho! Anatumia mitindo yote!

Jumatano, 10 Septemba
Njama tayari. Bwana Jeilani anakwenda Faza kwa nikahi ya jamaa. Nimejitolea kumpeleka kesho kwa boti yake. Akiniona usukanini, leseni ataisahau. Nadra akauliza kama nimetazama jedwali la maji. Nikamwambia nimezaliwa Amu, maji yamo damuni. Akaenda moja kwa moja kwa baba yake. Nadhani alivutiwa.

Alhamisi, 11 Septemba
Aibu! Tumekwama Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari katikati ya mikoko. Siku za bamvua maji hukupwa kupita kawaida, tope tupu. Nikasukuma boti, tope mpaka kiunoni. Bwana Jeilani akajimiminia kahawa. Alikuwa na chupa mbili, na mto wa kukalia. Akasema aliyaona maji yakitoka tangu asubuhi ila alinyamaza kusudi, maana Nadra alimwambia mimi ni mtu wa mikono. Na nikahi ni kesho, akaongeza, hivyo hana haraka. Maji yaliporudi ikapita boti ya kozi, Hudson usukanini. Akatuvuta. Nilitamani tope linimeze.

Jumamosi, 13 Septemba
Mtihani. Hudson kapita. Mimi sikupita, kwa sababu maswali yalikuwa ya macho.

Lakini bahati gani hii! Nadra amejiandikisha kozi ijayo. Bwana Jeilani kaniita barazani, akaniambia binti yake akipata leseni, boti itakuwa na nahodha, naye hatahitaji mkwe yeyote. Sharti limefutika! Nimembusu mkono. Alinitazama sana.

Kesho nampelekea Nadra kitabu changu asome. Ni kipya kabisa, hata nailoni yake sijaitoa.