Masinia Kumi na Mawili ya Arusi ya Amissi

Jumatano, 10 Agosti 1983

Pili wangu sasa hivi kapanga viatu vya baba yake mpaka mlangoni. Vikubwa mbele. Ana miaka miwili tu! Akili hiyo kaitoa kwangu, alhamdulillah.

Jumapili shemeji yangu Amissi anaoa, hapa hapa mtaani kwetu Magarama. Wakwe wanatoka Muyinga. Shangazi Salama anatafuta mtu wa kupanga wageni kwenye masinia kumi na mawili, watano watano. Riziki, mke wa kaka mkubwa wa mume wangu, anaitaka kazi hiyo. Mi pia. Tangu niolewe ni kumenya vitunguu tu!

Ijumaa, 12 Agosti

Nimepewa! Nilimwambia Shangazi kwamba Riziki anaumwa mgongo. (Haumwi. Siku moja ataumwa.) Akaniuliza kupanga ni nini. Nikajibu kama tulivyofundishwa darasa la nne: kuweka kila kitu mahali pake. Akacheka. Akasema watu si vikombe, mwanangu, na ukikosea unarudi kwenye vitunguu.

Kaye yangu, daftari hili hili, imejaa majina. Sitaki watu wa Muyinga wale peke yao kama wapita njia. Nachanganya!

Jumapili, 14 Agosti

Balaa. Kwenye sinia la kwanza nilimketisha bwana arusi na mzee Matata, baba wa bibi arusi. Nilifikiri ni heshima! Nilihesabu vichwa, nikasahau ukwe. Nani kaona mkwe anatafuna mbele ya baba mkwe? Mzee kageukia ukuta. Amissi kainamia mkeka kama kaangusha sindano. Wageni watatu wa Mutaho niliowaweka nao wakamaliza pilau yote, wakamshukuru aliyepanga.

Riziki akauliza kwa sauti kama mama mkwe naye nimempangia kitanda cha maharusi.

Shangazi akamwita Amissi, eti ana mgeni nje, akamlisha nyuma ya nyumba. Sinia jipya likaja, mzee akala. Jina langu Shangazi hakulitaja. Mungu ambariki.

Jumatatu, 15 Agosti

Shangazi kaosha masinia pamoja nami. Hakunigombeza. Alisema tu kupanga ni kujua nani anamwonea haya nani. Nilitokwa na machozi. Mzee Matata naye, kabla ya kupanda lori, kaniachia kikapu cha maharage, eti zawadi ya yule binti aliyetaka kumuua kwa njaa. Watu wazuri hawa!

Bon, haya. Mwezi ujao sisi tunaenda kwao Muyinga kwa karamu yao. Kosa nimeliona: watano ni wachache, kila mtu anaonekana. Nikiweka wanane, Amissi atajificha vizuri. Mzee nimemwandika kulia kwake, na mama mkwe hapa kushoto, karibu kabisa na— Shangazi ananiita. Abee, nakuja, namalizia tu kumpanga mama mkwe.